Watoto ni baraka, mbona mimi sifurahi?

Swali: “Mimi na mume wangu tumeokoka, tuna miaka 10 katika ndoa na watoto watatu: wa kwanza ana miaka 8, wa pili 5, na mdogo ana miezi 14. Sote wawili tunafanya kazi. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Mimi naimba kwaya na kufundisha shule ya Jumapili. Watoto hawa tuliwaomba kwa Mungu, tena kwa machozi, kwa hiyo naona aibu kuandika haya. Nyumbani sina furaha. Tangu alfajiri ni kukimbizana: amka, vaa, kula upesi, acha kumpiga mwenzio. Jioni tunajaribu ibada ya familia, nayo huishia mmoja anasinzia, mwingine anachana kurasa za Biblia, na mimi nafoka. Wakishalala ndipo nawatazama na kulia. Juzi huyu wa miaka 5 aliniuliza, ‘Mama, wewe huwa unacheka?’ Nimeombewa, nimefunga, nimejilazimisha kutabasamu. Familia nyingine kanisani zinaonekana zina raha. Je, imani yangu ina kasoro? Nifanye nini ili nami niifurahie familia yangu?”

Dada yangu, nianze na mtoto, maana naona swali lake ndilo lililokufanya uandike. Mtoto wa miaka mitano haulizi kama hakimu. Anauliza vilevile anavyouliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea usiku. Ameona jambo, amelisema. Wewe umelisikia kama hukumu kwa sababu hukumu ulikuwa nayo moyoni tayari, imekaa inangoja mtu wa kuisoma kwa sauti. Mwisho wa barua hii nitalirudia swali lake, kwa kuwa linastahili jibu. Kwanza tuishughulikie hukumu.

Nikikusoma vizuri, umefunga mambo mawili katika furushi moja. La kwanza: sifurahi. La pili: asiyefurahi watoto aliowaomba kwa Mungu ana kasoro ya imani. Hilo la kwanza ni habari ya maisha yako, na nakuamini. La pili ni tafsiri uliyoipa habari hiyo, na tafsiri hiyo naikataa. Katika miaka yangu ya kuwashauri wazazi, wengi wao watu wa kanisani, nimeona kwamba kazi ngumu zaidi huwa kuyatenganisha haya mawili. Mzazi aliyechoka anaweza kupumzishwa. Mzazi aliyechoka na anayeamini kwamba uchovu wake ni dhambi hataki hata kupumzishwa. Anataka kutubu, na toba ya kosa ambalo hukulitenda haina mwisho.

Tazama ule mstari tunaonukuliwa kila mtoto anapowekwa wakfu, Zaburi 127:3, kwamba wana ni urithi wa Bwana. Ni kweli, na sitaki kuupunguza hata kidogo. Lakini fungua Biblia yako usome mstari unaoutangulia. Mstari wa 2 unasema habari za watu wanaoamka mapema, wanaochelewa kulala, wanaokula chakula cha taabu, na kwamba Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Nimekaa kanisani muda mrefu na sikumbuki mara nyingi kusikia mistari hiyo miwili ikihubiriwa pamoja. Aliyeuandika wimbo ule hakuona ajabu kuweka usingizi na watoto mahali pamoja. Sisi tumechukua watoto, usingizi tumeuacha.

Wala huna haja ya kwenda mbali kumtafuta mtu wa Mungu aliyechoka kulea. Katika Hesabu 11, Musa anamwuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukua mimba watu hawa wote, hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi anavyombeba mtoto anyonyaye. Anasema mzigo umemshinda, na ikiwa mambo ni hayo basi afadhali auawe. Hayo ni maneno ya Musa. Jibu la Mungu si somo la kumwongezea imani. Anamwambia akusanye wazee 70 wauchukue mzigo pamoja naye, asiubebe peke yake. Eliya naye, katika 1 Wafalme 19, analala chini ya mti akiomba afe. Malaika anamgusa, anampa chakula na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yanakuja baadaye, akiwa ameshakula na kulala. Nakuomba utazame mpangilio huo, maana wewe umeanza na kufunga.

Sasa nikueleze kinachotokea, kadiri sisi tunaoshughulika na mambo haya tunavyokifahamu.

Kuna tofauti kati ya kufurahia kuwa na watoto na kufurahia kila saa ya kuwahudumia. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti waliowafanyia wanawake 909 wenye ajira huko Texas. Kila mmoja aliikumbuka siku yake ya jana kipande kwa kipande, kisha akasema alijisikiaje katika kila shughuli. Kuhudumia watoto kulikaa karibu na mkia, juu kidogo tu ya kazi za nyumbani, chini hata ya kupika na kutazama televisheni. (Kusali na kuabudu, kama ungependa kujua, kulikaa juu.) Wanawake wale hawakuwa mama wabaya. Waliulizwa kuhusu saa, wakajibu kuhusu saa. Ukimwuliza mama huyohuyo ni kitu gani cha thamani kuliko vyote alivyo navyo, huenda akamtaja mtoto kabla hujamaliza kuuliza. Wahenga walilijua hili bila utafiti: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hawakusema raha, walisema kazi.

Kwa hiyo ukisubiri kujisikia vizuri saa kumi na mbili asubuhi huku mmoja hajavaa viatu na mwingine amemwaga uji, unasubiri kitu ambacho hakikuahidiwa mtu yeyote. Furaha ninayoifahamu mimi ndani ya familia haiji kama hali ya hewa inayofunika siku nzima. Huja kwa vipande vifupi, dakika moja hapa, nusu dakika pale, katikati ya kazi zilezile. Tatizo lako, nadhani, ni kwamba vipande hivyo vinapita nyumbani kwako kila siku na wewe hupo kuvipokea.

Kwa nini hupo? Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa theolojia wa seminari ya Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo la jirani kutoa hotuba fupi. Baadhi yao hotuba yenyewe ilikuwa juu ya mfano wa Msamaria Mwema. Njiani alikuwepo mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Mtu huyo alipangwa na watafiti. Waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Waliokuwa na haraka ya kiasi, asilimia 45. Walioambiwa kwamba wamechelewa na wanangojwa, asilimia 10 tu. Na kuwa na mfano wa Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana.

Kila ninapolisimulia jaribio hili kwenye semina za wanandoa, watu wanacheka kwanza, kisha wananyamaza. Vijana wale hawakuwa na imani haba kuliko wenzao. Walikuwa na haraka. Haraka humfanya mtu asione. Na asichokiona hakiwezi kumgusa, kiwe cha kumhuzunisha au cha kumfurahisha. Haraka haraka haina baraka, tunasema, na kwa kawaida tunafikiri maana yake ni kwamba kazi itaharibika. Mimi nimekuja kuielewa hivi: baraka ipo palepale, ila mwenye haraka anaipita.

Uongeze juu yake usingizi. Una mtoto wa miezi 14, na sidhani kama unalala usiku mmoja bila kukatizwa. Mwili usiolala vya kutosha huishi kama uliomo hatarini: masikio yanakuwa makali kwa kelele, subira inapungua, jambo dogo linapokelewa kama shambulio. Akili nayo inafanya kazi isiyoonekana ya kukumbuka kila kitu: chanjo ya mdogo, daftari la mkubwa, zamu ya kwaya, nguo za kesho. Mtoto anapokuja na kijiti anasema “Mama, tazama,” anakukuta uko kwenye orodha ya vitu saba. Unasema “vizuri” bila kutazama. Kile kijiti, dada yangu, kilikuwa mojawapo ya vile vipande nilivyovisema.

Na ndiyo maana unalia wakishalala. Umeona kwamba huo ndio wakati pekee ambapo hakuna anayekuhitaji, na mara upendo unajitokeza? Haukuwa umekufa. Ulikuwa umefunikwa. Mtu asiyewapenda watoto wake hasimami gizani kuwatazama.

Kuhusu zile familia nyingine kanisani sina mengi. Unawaona saa mbili kwa wiki, wamevaa vizuri, na mzozo wao wa asubuhi wameuacha nyumbani. Wao nao wanakuona wewe, mke wa mzee wa kanisa, uko kwaya unaimba. Jiulize wanakufikiriaje.

Basi, nini cha kufanya? Umetaja mambo uliyoyajaribu, niyapime kwa haki. Maombi usiyaache, lakini yabadilishe. Inaelekea umekuwa ukiomba upewe hisia. Omba sasa kama Musa alivyoomba, kwa kusema wazi mzigo ni upi na unaanguka wapi. Kufunga kwa sasa kuache, hasa kama bado unanyonyesha. Mwili wako tayari unatoa zaidi ya unachopokea. Kutabasamu kwa kujilazimisha nako kuache. Watoto husoma uso kwa ustadi unaotisha, na tabasamu lisilo na macho huwatia wasiwasi kuliko uso uliochoka.

Wengine watakushauri uandike kila siku mambo ya kushukuru. Robert Emmons na Michael McCullough walilichunguza hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2003, na walioandika shukrani waliona afadhali. Nami nalipendekeza, ila kwa tahadhari moja: nafuu yake si kubwa sana, na kwa mtu anayejihukumu kama wewe daftari la shukrani linaweza kugeuka fimbo ya kujichapia. Ukiona unaandika ili kujithibitishia kwamba huna haki ya kulalamika, liweke kando. Zaburi zimejaa malalamiko na hakuna aliyeziondoa kwenye Biblia.

Kuacha kazi? Umesema nyote mnafanya kazi, na bila shaka kuna mtu ameshakudokezea kwamba hilo ndilo tatizo. Sikuambii uache wala uendelee, sijui hesabu zenu. Nakuambia tu kwamba nimewahi kuwasikiliza mama wengi wanaoshinda nyumbani wakiniuliza swali hilihili lako kwa maneno yaleyale. Haraka inaweza kumfuata mtu hadi sebuleni.

Mahali ambapo mimi ningeanza ni kwa mume wako. Katika barua yako nzima amejitokeza mara chache tu: mmeokoka wote, mnafanya kazi wote, naye ni mzee wa kanisa. Kukimbizana kwa asubuhi umekueleza kama kwamba uko peke yako; anayefoka jioni ni wewe; anayelia usiku ni wewe. Huenda anafanya mengi ambayo hukuyaandika. Lakini kama barua ni picha ya nyumba, basi kuna mtu anahitaji kuingia kwenye picha. Usimwambie wakati wa mzozo, wala usimwambie “hunisaidii,” kwa sababu kusaidia maana yake kazi ni yako na yeye ni mgeni mwenye huruma. Chagua saa mliyotulia, mwonyeshe barua hii ukitaka, kisha omba jambo moja linalopimika. Kwa mfano: asubuhi mbili katika wiki watoto ni wa kwake tangu wanapoamka hadi wanapotoka, nawe unalala au unaoga bila mtu kugonga mlango. Usirudi nyuma yake kurekebisha alivyowavalisha. Fulana iliyogeuzwa haijawahi kumdhuru mtoto.

Akisita kwa sababu ya majukumu ya kanisa, mkumbushe kwa upole kwamba sifa alizotakiwa awe nazo, 1 Timotheo 3, zinaanzia nyumbani. Na akiona kazi ya nepi ni ya kumshushia heshima, kuna mzee mmoja wa imani wa kumweleza: mwaka 1522 Martin Luther aliandika kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani anaweza kuchekwa na watu, lakini Mungu pamoja na malaika wote wanatabasamu. Miaka 500 imepita na bado baadhi yetu tunalijadili.

Kisha punguza. Hili utalipinga, najua. Kwaya na shule ya Jumapili na kazi na watoto watatu, mmoja wao bado anabebwa: kimoja hapo kipumzike kwa mwaka mmoja. Nasema kipumzike, sisemi kife. Utaona vibaya kumwambia mwenyekiti wa kwaya. Mwambie tu. Ushauri wangu ni uachie kile ambacho ukikifikiria Jumamosi jioni tumbo linakaza. Martha hakuwa anafanya jambo baya pale Luka 10. Alikuwa anamhudumia Bwana mwenyewe, na bado aliambiwa anasumbuka kwa vitu vingi.

Ibada ya jioni sasa. Mimi na mwenzangu tulikuwa na ibada ya familia iliyopangwa kwa ratiba: wimbo, somo, maswali, maombi ya kila mmoja. Usiku mmoja nilimfokea mwanangu, “Nyamaza, tunaongea na Mungu!” kwa sauti ambayo, nikiifikiria, majirani waliisikia kabla ya Mungu. Dada yake akauliza kama Mungu naye amefokewa. Tangu siku hiyo tuliipunguza. Kumbukumbu la Torati 6:7 linawaagiza wazazi wayanene maneno ya Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waamkapo. Hiyo ni ratiba ya maisha ya kawaida. Mtoto wa miezi 14 hana uwezo wa kukaa ibada ya nusu saa, na wa miaka 5 ana dakika chache tu. Fanyeni dakika tano, kabla ya chakula badala ya baada yake, wakiwa bado macho. Wimbo mmoja wa kurukaruka, hadithi moja kwa maneno yako mwenyewe, sentensi moja ya maombi. Biblia ya karatasi nyembamba iweke juu ya kabati. Siku mkishindwa, mbariki kila mmoja kitandani kwa kumwekea mkono kichwani, na hiyo ni ibada kamili.

Jambo jingine ambalo ningelifanya ni kumpata mtoto mmoja mmoja. Watoto watatu kwa pamoja ni umati, na umati hauwezi kufurahiwa, unaweza kusimamiwa tu. Susanna Wesley, mama yao John na Charles Wesley walioanzisha Umethodisti, alizaa watoto 19 na wengi aliwazika wangali wachanga. Nyumba yao iliungua mwaka 1709, na mume wake aliwahi kufungwa kwa sababu ya madeni. Katika barua aliyoiandika mwaka 1712 anaeleza kwamba kila jioni ya juma alikuwa na mtoto wake wa kuzungumza naye faraghani, na Alhamisi ilikuwa zamu ya John, wakati huo akiwa na miaka 8 kama mkubwa wako. John alipokuwa mtu mzima alimwandikia mama yake akimwomba amtengee tena kile kipande cha Alhamisi jioni. Simtaji Susanna ili ujilinganishe naye, Mungu apishe mbali; maisha yake yalikuwa na mateso ambayo sikuombei. Nimemtaja kwa ajili ya hesabu. Hakuwapa watoto wake siku nzima, hakuwa nayo. Aliwapa kipande cha jioni, na kilikuwa na jina la mtoto juu yake.

Wewe anza na dakika 10 mara moja kwa wiki kwa kila mmoja. Simu iwe chumba kingine. Mtoto achague mnachofanya, na wewe usifundishe, usisahihishe, usigeuze kuwa somo la tabia. Mwanzoni utaona dakika hizo ni ndefu na zinachosha. Hiyo ni kawaida, mwili umezoea mbio. Kufikia wiki ya tatu au ya nne wazazi wengi huniambia kitu fulani kidogo: “Sikujua kwamba ana ucheshi namna hii.” Hapo ndipo ninapojua kwamba wameanza.

Utafoka tena. Naomba uniamini katika hili ili siku hiyo isikuangushe. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick alifanya jaribio ambalo mama aliyekuwa akicheza na mtoto wake mchanga aliukaza uso ghafla, asicheke wala asijibu. Mtoto alijaribu kila njia kumrudisha, akahangaika, akageuza uso. Mama aliporudi, mtoto naye alirudi, polepole. Uchunguzi wake uliendelea kuonyesha kwamba hata mama na mtoto wanaopendana hawaendi sambamba muda mwingi. Wanapishana, wanakutana, wanapishana tena. Kinachomjenga mtoto ni yale marekebisho. Sisi Wakristo tunalo neno la zamani la marekebisho hayo, tunaliita upatanisho, na ajabu ni kwamba tunalihubiri kwa watu wazima na kusahau kulitumia kwa mtoto. Ukifoka, ukishatulia, inama hadi usawa wa macho yake: “Mama amepiga kelele. Hukustahili. Nisamehe.” Usiongeze “lakini na wewe ulikuwa...” Hiyo “lakini” inafuta yote yaliyotangulia.

Sasa sehemu ninayotaka uisome mara mbili. Ushauri huu wote unamfaa mzazi aliyechoka. Sonona ni kitu kingine, ni ugonjwa, na dakika 10 za mchezo haziutibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote karibu asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na linaweza kujitokeza miezi mingi baada ya kujifungua. Akina baba nao huipata. Jitazame kwa ukweli: je, kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni karibu kila siku? Je, hata yale uliyoyapenda nje ya familia, kama uimbaji, hayana ladha tena? Je, huwezi kulala hata mtoto anapolala, au chakula hakipiti, au unajiona hufai kabisa? Kama jibu ni ndiyo kwa baadhi ya hayo, nenda hospitali au kituo cha afya, mwambie daktari au mkunga kama ulivyoniambia mimi. Kuna dodoso fupi la maswali 10 lililotengenezwa tangu 1987 kwa ajili ya kina mama kama wewe. Mwombe pia akupime damu: upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya thiroidi huleta uchovu na huzuni inayofanana sana na hii, na vyote vina tiba.

Ikiwa kuna saa ambapo umefikiria kujidhuru, au umeogopa kwamba utamdhuru mtoto, au umewaza kwamba wangekuwa heri bila wewe, usisubiri miadi. Mwambie mtu leo, usibaki peke yako na watoto, upelekwe hospitali leo hii. Na akitokea mtu, hata awe mtumishi unayemheshimu, akakwambia uache dawa ulizoandikiwa kwa kuwa ni kukosa imani, mwombe akuombee na dawa uendelee nazo.

Jambo la mwisho ambalo barua yako haikuligusa, nami naliuliza kwa sababu wasomaji wengine wataiona barua hii: kama nyumbani kuna kipigo, vitisho, au hofu ya mume, basi mengi niliyoandika hapa hayahusu. Hapo kutafuta furaha kungoje, tafuta usalama kwanza, kwa mtu wa nje ya nyumba atakayekuamini.

Kama hayo hayapo, na ni uchovu na haraka, mshauri wa ndoa na familia anaweza kuwafaa mkienda wawili, hasa kama yale mazungumzo na mume yamekwama mara mbili au tatu. Kwenda kwake hakumaanishi ndoa imeharibika.

Nilisema nitamrudia mtoto. Alikuuliza kama huwa unacheka, na nadhani hukumjibu, au ulicheka cheko la haraka lililomthibitishia alichokiona. Mtafute jioni moja, mdogo akiwa kwa baba yake. Mwambie: “Uliniuliza kama huwa nacheka. Siku hizi nacheka kidogo kwa sababu nimechoka. Si kosa lako, wala la ndugu zako. Naanza kupumzika.” Asifikiri kwamba kicheko chako ni kazi yake. Halafu mwulize ni kitu gani kilichomchekesha kuliko vyote wiki hii. Kaa chini kabisa kabla hujauliza. Watoto wa umri huo wana majibu marefu.